Ndege Iliyoua Sufuria

Helikopta ya kampeni ilipopita juu ya mtaa wa Free Area, mjomba Muiruri alimkanyaga Thuo mguu chini ya meza pale uani kwa mzee, walikokuja kuposa. Anza kusifu ndege!

Thuo akaweka chapati chini. Wachuka, mchumba wake, alikuwa amemwonya: guka, babu yangu, ndiye aliyenilea, na wakati wa vita alikuwa akijaza risasi kwenye mizinga ya ndege. Ukizidharau hizo ndege, harusi hakuna.

"Guka, hii helikopta ni mchezo," Thuo akasema. "Ndege za vita zenye mizinga, hizo ndizo zilikuwa ndege! Ikishuka mara moja tu, vifaru kumi vya adui vinawaka."

Mzee akaacha kutafuna. "Kumi?"

"Hata ishirini!" mjomba akaongeza, mdomo umejaa.

"Nani amewadanganya?" Mzee akasimama. "Mimi nilikuwa mpishi wa jeshi. Nimelala chini ya kifaru, ndege inakipiga mpaka inachoka. Unajua iliua nini? Sufuria yangu ya chai!"

Mpishi? Si Wachuka alisema alikuwa akijaza risasi? Huyu mzee anampima Thuo kama ni mwongo! Na ukweli aliujua, maana alisomea historia chuo kikuu kule Njoro.

"Basi niseme ukweli, guka. Marubani walikuwa wakiona moshi, wanahesabu kifaru kimekufa. Watu wakienda kukagua, wanakuta vingi ni vizima. Risasi nyingi zilikosa, zingine zikadunda."

"Paza sauti, sikio langu moja ni bovu! Na wale waliokuwa wakizijaza ndege risasi?"

"WALIJISUMBUA BURE!"

Mzee akacheka mpaka akashika meza. Akamkumbatia Thuo, akamwita mkewe alete ile nyama aliyoificha. "Huyu ndiye kijana! Hawa wa hapa kwetu hawanisikizi!"

Mjomba akafuta mdomo, akanyoosha koti. Mambo yameiva.

"Sasa mzee, kwa vile tumeelewana, tuitie binti atoke huko jikoni."

"Binti gani?"

"Wachuka, mjukuu wako!"

"Mimi wana na wajukuu ni wavulana watupu," mzee akasema, akimwongezea Thuo supu. "Na kwangu mgeni hula kwanza, ndipo namuuliza ametoka wapi. Wachuka ni mjukuu wa Nderitu, yule mjaza risasi, hapo tu nyuma ya fensi."

Nyuma ya fensi, mzee mwingine akakohoa.