Ngedere Aezeka Darasa

Mvua zilikaribia na darasa la watoto halina paa. Mwalimu Kobe akaomba wazazi wajitolee. Wengi wakasingizia kuumwa, akaja Ngedere, mchoyo wa kuzaliwa. Akafunga makuti pale tu anapokaa mwanawe, akashuka.

“Baba Ngedere, na kwingine je?” Kobe akauliza.

“Kila mzazi na wake, mwalimu. Mimi wangu nimemsitiri.”

Mvua ikamwagika. Darasa zima likakimbilia pale pakavu, mtoto wa Nyati mbele, na mwana wa Ngedere, kwa udogo wake, akasukumwa nje. Akarudi nyumbani chapachapa, meno yanagongana.

Kulipokucha Ngedere akaezeka paa lote. Majirani wakamsifu, “Huyo ndiye mzazi!”

Naye, hana hata haya, akajibu, “Jamani, watoto wote si wetu?”