Matawi ya Mteremkoni

Dereva alikuwa bado amebanwa ndani ya gari, na viatu vyake vilikuwa vimeshavuliwa.

Gladys aliyaona hayo kwa macho yake, akatema mate chini. Gari limelala ubavu mtaroni, mvua inanyesha, mtu analia humo ndani, na majirani, watu anaosali nao Jumapili, wanagombania katoni za mafuta ya kupikia. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na dumu kila mkono. Loh! Hata fisi husubiri mtu afe kwanza.

Alimtoa yule dereva kwa mikono yake, akisaidiwa na mpita njia mmoja mwenye utu. Kijana wa watu alitetemeka, anarudia jambo lile lile: alikuwa akiteremka taratibu, akaona kitu mbele, akashika breki, gari likamponyoka. Gladys akamfunika kanga yake. Kitu gani tena? Mbuzi, labda. Mikindani mbuzi wanazurura utadhani hawana wenyewe.

Mteremko ule ulikuwa mbaya, kila mtu anajua. Malori hulazwa pale juu yakivuja oili kutwa kucha, na mvua ikigusa lami tu inakuwa sabuni. Ndipo lori la watu lilipomshinda Menza, mumewe Gladys, akafa papo hapo. Na sasa Griffin, mtoto wao wa pekee, alikuwa ameahidiwa kazi ya kuendesha gari la mikate, litakalopita hapo hapo kila asubuhi. Gladys alimkataza, akamlilia, kijana akasema mama, tutakula nini?

Basi mama akashika panga. Tangu azike mume amekuwa akiweka matawi, na sasa akazidisha. Kila dereva anaijua alama hiyo: ukiona matawi mabichi barabarani, kuna hatari. Wingu likikusanyika tu, Gladys anakata matawi ya mwarobaini, anayatandaza pale pale kwenye kona ya mteremko, mahali penyewe watu wanapoangukia. Hakutaka shukrani ya mtu.

Lakini ajali hazikukoma, na sababu aliijua. Kulikuwa na mtu anayaondoa. Akiyaweka alfajiri, akirudi anayakuta mtaroni. Anayarudisha mbio, lakini wapi, mara gari limeshapinduka.

Kwanza alimshuku Lenox na genge lake, vijana wanaoshinda kwenye kibaraza cha duka lililofungwa wakingojea kupora. Aliwapa maneno yao hadharani, akawaambia watakufa vibaya. Ajabu, wakanywea. Siku ya pili Lenox mwenyewe akamletea mzigo wa matawi.

"Mathe, hizi tumekukatia," akasema. "Wewe weka tu."

Gladys akamshukuru Mungu kwamba maneno yake yameingia mahali. Hata chai akawapikia.

Akabaki mmoja, Changawa, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kiwanja chake kimejaa milango na boneti za magari yaliyoanguka konani. Mtu mwenyewe hana mke, hana salamu, na ananuka kutu mpaka ukimpita unajuta kuvuta pumzi. Nani mwingine anafaidi gari likivunjika?

Shangazi yake akafariki, akaenda matangani Kaloleni. Wiki nzima mvua ilinyesha, na katika wiki hiyo hiyo Griffin akaanza kazi. Gladys hakula chakula kikashuka. Alipiga simu asubuhi, akapiga jioni, mpaka kijana akamcheka, akamwambia atulie, huku hajaanguka hata mwenye baiskeli. Gladys akawaambia waombolezaji kwamba maombi yanafanya kazi.

Aliporudi Mikindani, mvua ilikuwa bado. Alfajiri yake akayatandaza matawi, kisha akajibanza nyuma ya kibanda cha mkaa huku manyunyu yakimlowesha. Hakungoja sana. Changawa akatokea, amejifunika gunia, akainama na kuanza kuyaburuta matawi kuelekea mtaroni.

Gladys alimrukia akamkwida shati. Akamtapikia yote yaliyokaa rohoni: kwamba yeye si mtu, ni mnyama, kwamba anauza damu kwa kilo, kwamba huenda hata Menza wake alimpima kwa mizani kabla maiti haijapoa. Watu wakatoka majumbani. Changawa hakumtazama. Alitazama juu ya mteremko.

"Mama Griffin, nakuomba yasikae hapa," alisema. "Waulize hata hawa vijana. Wiki uliyokuwa matangani, mvua usiku na mchana, alianguka nani?"

"Hakuanguka mtu kwa sababu nilikuwa naomba," Gladys akamjibu. "Wewe na Mungu wapi na wapi?"

Akamsukuma, mzee wa watu akaenda chini kwenye matope. Hakuna aliyemwinua. Lenox ndiye aliyemsaidia Gladys kuyarudisha matawi, moja moja, mpaka kona nzima ikawa kijani. Akampongeza, kisha akarudi kibarazani, ambako wenzake walikuwa wameshasimama.

Gari la mikate likachomoza konani, linateremka taratibu. Gladys akampungia mwanawe mkono. Griffin akayaona matawi ya mama yake, akakanyaga breki.