Kura za Siwema

Katika jiji letu, matumizi ya ardhi tupu huamuliwa na wakazi wote, hata watoto. Uzito wa kura ya mtu ni miaka ambayo mtambo wa afya unakadiria kuwa amebakiza kuishi. Atakayekaa sana ndiye achague, wanasema, na wengi tumeona ni haki.

Jumapili ile Nyamizi alikaa sebuleni na mama mkwe wake na binti yake Siwema, ili wapige kura kuhusu uwanda ulio nyuma ya reli. Watu wazima mtaani walitaka soko. Siwema, aliyekuwa darasa la tatu, alitaka msitu wa kuchezea.

Bibi aliweka kidole kwenye kioo cha kupigia kura, kikamwonyesha kura kumi na moja. Kabla hajachagua, Siwema naye akaweka chake, akacheka.

"Bibi, umenishinda. Mimi nina nne tu."

Bibi hakucheka. Alimtazama Nyamizi, kisha akainamisha macho.

"Mtambo umekosea," Nyamizi alisema, ingawa hakuwahi kusikia umekosea hata mara moja.

Bibi, ambaye wiki nzima alikuwa akilisifu soko, akachagua msitu. Nyamizi akafanya vivyo hivyo.

Jioni ilitangazwa kuwa msitu umeshinda. Siwema alirukaruka mpaka akaishiwa pumzi, akaja kumwegemea mama yake.

"Mama, miti wakiipanda mwaka huu, mimi nitaweza kuikwea lini?"

"Inategemea mvua, mwanangu," Nyamizi alisema, akamkumbatia ili asimwone uso.