Kisanduku cha Pili

Ninajitolea katika kamati ya chama cha mashabiki wa vitabu na filamu wanaoandika hadithi. Mwandishi akiikana hadithi yake, sisi tunabonyeza "kubali," na chembe za kompyuta zilizopandikizwa vichwani mwa watu wote zinafuta kumbukumbu kwamba aliiandika yeye. Fomu ya maombi ina visanduku viwili: "hadithi tu" na "mimi mzima," yaani mwandishi mwenyewe asahaulike na wote. Cha pili hakijawahi kutiwa alama, kwa jinsi ninavyokumbuka.

Leo asubuhi nilipitia maombi niliyoyakubali jana. Moja lilikuwa na alama kwenye kisanduku cha pili. Jina lilikuwa limefutika, lakini sababu ilibaki: "Mama aliisoma mbele ya wageni, wakacheka." Anwani nayo ilibaki. Ni ya nyumba yetu.

Mimi na mume wangu hatuna mtoto.

Nilifungua chumba tunachokiita stoo. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa vizuri, na juu yake sketi ya shule. Niliigusa. Ilikuwa bado na unyevu.

Nikamwita mume wangu kama ninavyomwita miaka yote.

"Baba..."

Jina halikuja.

"Naam, Mama..." aliitikia kutoka uani, naye akakwama palepale.