Aliyesimama Darajani

Ijumaa ya nne mfululizo, Lamya alimwona mama yake akitoka kwa geti la nyuma, na kwa mara ya nne mama hakugeuka.

Lamya alikuwa ghorofani, dirishani, jua la Azaiba, Maskati, ndiyo kwanza linachomoza. Aliuona mgongo tu: abaya nyeusi yenye utepe wa fedha chini, kichwa kimeinama, mwendo wa mtu asiye na haraka. Alishuka mbio, miguu mitupu. Njia ilikuwa tupu, paka mmoja tu juu ya ukuta. Hata wa kumuuliza hakuwepo. Nakimuli, Mganda aliyewafanyia kazi za nyumbani, kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, huenda kanisani mapema.

Mama yake, Bi Khole, alikuwa na miezi kumi na moja kaburini.

"Umeota," alisema Talal, mumewe, akipuliza chai. "Na kama si ndoto, basi mkwe wangu kaja kutazama kama nimeshalipaka rangi geti. Miaka mitatu ananisema kwa geti lile."

Lamya hakucheka. "Abaya ndiyo ile ile aliyovaa safarini. Siku ya kugawa nguo zake sikuiona. Kaondoka nayo."

"Maiti haondoki na abaya, Lamya. Huondoka na sanda. Msomee Yasini, umwache apumzike."

Alimsomea. Kila siku baada ya Magharibi alimsomea. Lakini liko jambo ambalo hakuwahi kumwambia mumewe.

Lilitokea safarini, Luzern, Uswisi, kwenye daraja la kale la mbao, la waenda kwa miguu, katikati ya mji. Daraja lile lina paa kama nyumba, na chini ya paa zimepangwa picha za zamani. Asubuhi ile ilikuwa ya mvua na upepo. Bi Khole alisimama kwenye kila picha, akauliza huyu nani, na yule kafanya nini. Lamya alikuwa na orodha ndefu ya mahali pa kwenda.

"Mama, bora tungekuacha Maskati!" alifoka, mbele za watu.

Bi Khole akamgeukia Nakimuli, waliyesafiri naye. Lamya akaenda zake mpaka mwisho wa daraja. Alipofika huko, moyo ukamsuta. Akarudi. Kwa mbali, kati ya watalii, akaiona abaya yenye utepe wa fedha, ukingoni, imeyaelekea maji.

"Mama!"

Akapaza sauti.

"Mama, nisamehe!"

Hakugeuka. Lamya alitoa simu akapiga picha. Mama yake alikataa picha maisha yake yote, na alifikiri huenda sauti ya simu ingemfanya aruke kwa hasira, kisha wacheke. Hakuruka. Kundi la watalii likapita kati yao, na lilipokwisha kupita, ukingo ulikuwa mtupu.

Hotelini alimkuta mama yake amelala. Hakuamka tena.

Hiyo ndiyo picha pekee ya Bi Khole duniani. Lamya hakumwonyesha mtu, na mwenyewe hakuwahi kuifungua tena.

Jumamosi aliingia jikoni. Nakimuli alikuwa ameinama juu ya sufuria, midomo ikimcheza, na alipomwona akatia rozari yake mfukoni haraka. Hakukuwa na haja ya kuficha. Bi Khole mwenyewe alikuwa akimtania kwayo: "Haya tushindane. Mie tasbihi yangu punje tisini na tisa. Wewe ngapi?" "Hamsini na tisa, mama." "Basi nshakushinda!"

"Nakimuli," Lamya alisema. "Siku ile kule darajani. Mama alikasirika?"

"Hapana, madamu! Alikuwa anacheka. Alisema huyu mtoto amechukua mdomo wangu wote. Akanipeleka kwa ile duka ya chokoleti, akakaa hapo kwa joto. Mimi ndiyo nilikuwa natetemeka, akanihurumia."

"Mbona nlimwona nje, ukingoni? Nlimwita, akanipa mgongo."

Nakimuli alifungua mdomo. Akaufunga. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Ananihurumia, Lamya aliwaza. Wote wananihurumia.

Alasiri alikwenda kwa Mazoon, binti mwenye duka la kusafisha picha, barabara kuu. Alimpa simu bila kuitazama.

"Nataka kuuona uso," alisema. "Japo shavu. Nijue kama alikuwa na hasira nami."

Mazoon aliihamishia picha kwenye kompyuta. "Mama yako?"

"Mama yangu. Picha alikuwa hataki kabisa."

"Bibi yangu naye vivyo hivyo, Bi Lamya. Ukitoa simu anajitupia mtandio kama kuku kaona mwewe." Akaipunguza giza, akaivuta karibu. Lamya alifumba macho, akamwomba Mungu jambo moja tu: asimwonyeshe hasira.

"Uso siupati," Mazoon alisema taratibu. "Kaelekea maji kabisa. Lakini usilie, tazama mkono huu. Mashallah, hata pale juu alikuwa akivuta uradi."

Lamya alifumbua macho. Kutoka kwenye mkono wa abaya kilichomoza kiganja, na punje za mbao zimezunguka vidole. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja, kifua kilimlegea. Alikuwa akisali. Hakumpa mgongo, alikuwa akisali.

"Vuta zaidi," alisema. "Nizione zote."

Punje zikakua, moja baada ya moja, zikishuka chini ya kiganja mpaka mwisho wa uzi. Na hapo, mahali ambapo tasbihi ya Bi Khole ilikuwa na kishada cha kijani, palining'inia msalaba mdogo.