Mistari Isiyo na Lebo

Siku hizi nyumba hufuata mchoro. Unaandika lebo ya urefu kwenye kila mstari, kompyuta inazikusanya lebo zote kwenye jedwali, na kukipambazuka kuta zimeshajipanga zenyewe.

Jana Sinahila alirefusha sebule, maana wageni wa posa ya wifi yake walikuwa njiani. Aliandika lebo harakaharaka huku wali ukinuka kuungua jikoni, akatuma jedwali.

Asubuhi sebule ilikuwa pana, ya kupendeza. Ila pale ulipokuwa mlango wa chumba cha mama mkwe palikuwa na ukuta mtupu.

Mumewe, Shomari, aliupiga kwa viganja. "Mama! Sinahila, umefanya nini?"

"Mistari ya chumba chake nilisahau kuiwekea lebo. Haikuingia kwenye jedwali."

"Si uiweke sasa hivi!"

Sinahila akafungua mchoro. Mistari ya chumba bado ilikuwepo, myembamba, ikisubiri namba.

"Andika mita tatu, kama zamani," Shomari alisema.

Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani ya ukuta, tulivu kabisa.

"Tatu hazitoshi, wanangu. Ongezeni. Huku tuko wengi tuliosahauliwa."