Samaki wa Pili

Katika Lugha Mpya huwezi kusema unapika bila kumtaja mlaji, na jiko halisikii lugha nyingine. Bi Mwanakheri alitia sufuriani samaki wawili na pilipili bila kumtaja mtu, maana mwanawe Shekue, anayesakwa na serikali, alikuwa kajificha uvunguni mwa kitanda.

“Najipikia mwenyewe,” alisema.

“Na samaki wa pili, bibi?” jiko likauliza.

“Nampikia paka.”

“Paka hali pilipili.”

“Mjukuu wangu, huyu nimemlea mimi. Hata tambuu anatafuna.”

Jiko likawaka. Bi Mwanakheri akashusha pumzi, akaanza kukuna nazi.

“Bibi,” jiko likasema kwa upole, “paka wako anakohoa. Nimwitie daktari?”